Alivunja Mwiko Gani?

Mwanangu Kasiani,

Nisamehe kwa kimya changu. Sisemi kimya cha siku hizi mbili tatu za kufunga mizigo yako. Hicho ni desturi ya nyumba hii. Nasema kile kilichoanza katika mavuno ya mwaka juzi, tulipokuwa tunapura mpunga, ukaishusha fimbo yako na kuniuliza, "Baba, ni kweli baba mdogo Matimba alivunja mwiko?" Nikakuambia pura, mvua inakuja. Mvua haikuja siku ile, wala siku ya pili yake. Hukuuliza tena. Ulikuwa umelelewa vizuri, na mimi nikajificha nyuma ya malezi hayo.

Leo mvua imekuja kweli. Ni alasiri, nimekaa barazani, nawe uko uani chini ya upenu unafunga mkeka wako. Kesho asubuhi unavuka mto kwenda Mahenge kusomea ualimu kwa mapadri. Mama yako amepita hapa sasa hivi, akaniona na kalamu.

"Mwalimu, unamwandikia nani?"

"Kasiani."

"Kasiani huyu anayehangaika na mkeka hapo uani? Si umwite tu?"

Nikamwambia kwamba yako mambo ambayo mdomo wangu haukufundishwa kuyasema. Akasema, "Basi ni mdomo ndio ungepelekwa shule, si mtoto," akaenda zake jikoni.

Ya mwili amekwisha kukuagiza yeye: ukaushe nguo kabla ya kulala, usinywe maji ya bwawani, usizoee kuomba chumvi kwa wenzako. Sirudii. Mimi nataka kulijibu swali lako.

Ulikuwa na umri wa kuamia ndege shambani dawa ilipofika kwetu Ifakara. Watu wanasimulia leo kana kwamba tulikuwa wajinga. Tulikuwa tumechoka. Kodi, viboko, kazi ya barabara bila kupumzika siku ya kulima, na mpunga ukaota magugu huku wenye mashamba wakibeba mawe ya Mjerumani. Mfa maji haachi kutapatapa. Walipokuja wale watu na vibuyu vyao, wakatunywesha maji na kutumwagia kichwani, wakisema risasi zitageuka maji, tulipokea kwa mikono miwili.

Lakini dawa ilikuwa na miiko. Usiguse mali ya mtu. Usimkaribie mwanamke, hata mkeo, mpaka vita viishe. Usigeuke nyuma. Mwenye kushika miiko hiyo, risasi haimwingii. Mwenye kuivunja, damu yake i juu yake mwenyewe.

Baba yako mdogo aliishika. Unamkumbuka alivyokuwa mtu wa mzaha, yeye aliyekufundisha kusukuma mtumbwi kwa pondo mpaka ukatumbukia mtoni, akakutoa kwa kukuvuta sikio huku akicheka. Katika jambo hili hakuwa na mzaha. Siku ile ile aliponyweshwa dawa alihama nyumbani akaenda kulala dunguni kule shambani, na mkewe Nambule akawa anampelekea chakula na kukiweka chini ya ngazi. Nambule alikuwa na mimba changa wakati huo, changa mno hata wanawake wenzake hawakuijua. Matimba hakupanda tena kitanda chake. Hili nalijua, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa nikimtania: "Mdogo wangu, umeoa nyumba au umeoa dungu?"

Tukaondoka kwenda kulipiga boma la Mahenge. Tulilala kando ya mto siku ya kwanza, tukavuka asubuhi. Njiani tulipita kibanda cha mfanyabiashara aliyekimbia, mlango umeanguka, vitu vimetawanyika. Wenzetu walipita wakitazama mbele. Mimi nilichukua kaniki. Kaniki moja, mpya, ambayo haijafuliwa hata mara moja. Nikaizungusha kiunoni chini ya nguo yangu. Nilitaka kumletea mama yako. Hata hivyo sitaki uamini kwamba nilifanya kwa upendo. Niliiona, hakuna aliyekuwa akinitazama, nikachukua.

Matimba alikuwa akinitazama.

"Kaka, irudishe."

"Nitairudisha tukirudi."

"Kaka, kesho kuna risasi."

"Kelele zako ndizo zitakazoniua, si risasi."

Alitembea nami siku nzima bila kusema neno, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Asubuhi yake, tulipopangwa mbele ya boma, mimi nilikuwa mbele kwa sababu ni mkubwa. Akanishika bega akanivuta nyuma, yeye akasimama mahali pangu. Akasema, "Kaa nyuma yangu. Mimi ni safi. Ikija, itageuka maji kwangu kabla haijakufikia wewe."

Ile bunduki yao ya bombom, ya kumimina risasi, ilipoanza, Matimba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupigwa. Aliniangukia miguuni, chali. Nilisubiri asimame. Sikuelewa. Kisha nikaitoa miguu yangu chini yake nikakimbia, na huo ukawa mwiko wangu wa pili. Sikumzika. Sijui nani alimzika, au kama alizikwa.

Tuliorudi tulirudi mmoja mmoja, tukipita vichakani. Sasa sikiliza jambo ambalo vijana wenzako hawalielewi. Hakuna aliyeuliza kama dawa ilikuwa ya kweli au ya uongo. Tungeweza vipi kuuliza hivyo, na nusu ya wanaume hawapo? Katika kila nyumba yenye msiba liliulizwa swali moja tu: alivunja mwiko gani? Na lilipofika nyumbani kwetu, wazee wakakaa kwenye mikeka wakanigeukia mimi, kwa kuwa nilisimama karibu naye. Niliona tumbo la mmoja wao likipanda na kushuka alivyokuwa akipumua. Nikajua kwamba nikisema, "Hakuvunja lolote," swali la pili litakuwa, "Nani basi alikuwa mchafu karibu yake?" Kaniki ilikuwa bado kiunoni mwangu.

Nikasema, "Usiku ule tulipolala mtoni, alirudi nyumbani kwa mkewe. Alfajiri alikuwa amekwisha kurejea."

Ni maneno machache tu. Mimi ninayewachapa watoto wa katekisimu wakikosea kutaja amri ya nane nilitunga uongo ule bila kusitasita, tena kwa Kiswahili kilichonyooka.

Unajua kazi ya watani katika msiba. Wanavaa nguo za marehemu, wanamwigiza anavyotembea na kusema, ili wafiwa wapate pumzi. Mtani wetu, Mzee Libaba, alipopata habari ile aliipokea kama watani wapokeavyo. Siku ya kuondoa matanga alivaa shuka ya Matimba, akachukua pondo lake, akaja akinyata mpaka mlangoni kwa mjane, akabisha: "Nambule! Funika moto, nimekuja! Mwambie Mjerumani anisubiri kidogo!" Watu wakacheka. Walicheka mpaka wakalia, maana walikuwa na vilio vingi visivyo na mahali pa kutokea. Nami nilicheka. Nambule alikuwa ndani, ameinama. Hakusema, "Hakuja." Pengine alisema, sikusikia. Nani angemsikiliza?

Kisha mimba ikaonekana. Basi ushahidi ukatimia. Wakasema ndiye aliyemuua mumewe. Wakamrudisha kwao Idete. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa nyumba. Neno langu moja lingemzuia. Nilimpa mtu wa kumsindikiza, nikahesabu kwamba nimefanya wema.

Baada ya hapo ikaja njaa. Askari walichoma maghala, na kisichochomwa walikibeba. Wewe ulivimba miguu. Nikaitoa kaniki ile, nikaibadilisha kwa kikapu cha mtama kwa watu wa mlimani, nawe ukala, ukapona. Msimu ule ule tulisikia kutoka Idete kwamba Nambule amejifungua mtoto wa kike, na kwamba mtoto amekufa kwa kukosa maziwa ya mama. Sikwambii haya ili ujione una hatia. Mtoto hula anachopewa. Nakwambia ili ujue kwamba dhambi ya mtu haikai kwa mtu. Inakwenda kwa miguu yake yenyewe mpaka Idete.

Mimi nilifikaje kwa mapadri? Watu hudhani nilivutwa na kusoma. Hapana. Nilikwenda kwa sababu nilisikia wana maji. Nilidhani ubatizo ni dawa nyingine yenye miiko mingine, labda yenye nguvu zaidi kwa kuwa ni ya watu walioshinda. Nilijifunza maswali na majibu yote, nikajifunza kuandika, mwalimu akinichapa vidole kwa kila sentensi iliyopinda, nami nikampenda kwa hilo, maana nilitaka kitu fulani katika maisha yangu kiwe kimenyooka. Nilikuwa nikihesabu siku zangu safi. Nikifika saba au nane, naharibu, naanza upya.

Siku moja nilimuuliza padri, mzee mwenye miguu iliyovimba kwa maji ya bonde hili, "Padri, mtu akibatizwa naye ni mchafu, maji yako yatamkinga?"

Akanitazama. "Kama wewe ungekuwa safi, ungekuja hapa kufanya nini?"

Nikamwonyesha ule msalaba ukutani, nikauliza swali ambalo mtu yeyote wa bonde hili angeuliza akimwona mtu aliyetobolewa namna ile. Nikasema, "Na yule? Alivunja mwiko gani?"

"Hakuvunja hata mmoja."

"Sasa kwa nini alikufa?"

"Waliovunja walikuwa nyuma yake."

Kasiani, nilitoka nje nikakaa juu ya magogo ya kujengea kanisa, na padri akadhani nina homa. Hakujua alichoniambia. Mimi nilikuwa nimesimama mahali pale. Nilijua uzito wa mtu safi anapokuangukia miguuni. Miaka yote nilikuwa nimetumia akili yangu yote kumtafutia Matimba kosa ili kifo chake kiwe haki, na huku naambiwa kwamba yuko mmoja ambaye Mungu mwenyewe hakumtafutia kosa, alimwacha abaki safi, na kwa usafi ule ule akawapokea waliojificha nyuma yake. Dawa ilitutaka tuwe safi kwanza ndipo ituokoe. Aliyeweza kwetu alikuwa mmoja, naye hakuokoka. Sikuweza tena kuamini kitu kinachonitaka niwe safi kwanza. Ningemwamini nani basi, isipokuwa yule aliyenikubali na kaniki yangu kiunoni?

Utaniuliza kuhusu Matimba mwenyewe, ambaye hakubatizwa. Nilimuuliza padri pia. Akasema, "Aliyesimama mbele ya ndugu yake, simhukumu mimi." Nimebaki na hilo. Sina zaidi.

Kabla ya kubatizwa nilimweleza padri habari yote. Nilipokwisha kumwagiwa maji akanishika mkono akasema, "Mungu amekusamehe. Sasa nenda Idete."

Nikasema, "Ndiyo, padri."

Sijaenda.

Hapa ndipo ninapoona aibu kuliko kwenye kaniki. Kaniki niliiba nikiwa sijui lolote. Lakini misimu yote hii nimekuwa Mkristo, mwalimu wa dini, ninayewafundisha wengine kuungama, na kila mwaka nimepata sababu: mto umejaa, mpunga umeiva, mama yako mgonjwa, Kwaresima inakuja. Msamaha wa Mungu niliufanya kama ile nguo. Niliuzungusha kiunoni chini ya vazi, ukanipa joto mimi, asiuone mtu. Mara moja nilikutana na Nambule njiani akitoka kutafuta chumvi. Aliweka mzigo chini, akapiga goti, "Shikamoo, shemeji." Nikajibu, "Marahaba," nikapita. Alikuwa amekonda. Neno lile "marahaba" bado liko kooni mwangu kama mwiba wa samaki.

Unakwenda kuwa mwalimu. Utakaa na wagonjwa na wafiwa, na utasikia watu wa misheni nao wakiuliza swali letu la zamani kwa maneno mapya: aliacha sala gani, alikosa Misa ngapi, hata mtoto wake akafa? Ukilisikia, toka nje uvute pumzi, kisha urudi ndani ukae upande wa anayeulizwa. Na ukijiona wewe ndiye unayeuliza, jichunguze kiunoni. Sina kanuni nyingine ya kukupa. Nilizokuwa nazo nilikupiga nazo ulipokuwa mdogo, na nyingine nadhani nilikupiga bila haki.

Juzi, ulipokwenda kuaga rafiki zako, nilikwenda kwa Mzee Libaba. Yu hai, meno mawili, maneno yale yale. Nilimwendea yeye kwanza kwa sababu neno alilolisema mtani msibani haliwezi kufutwa na mwingine. Nilipomaliza kumweleza yote, na kwamba nakwenda Idete kuyasema, hakucheka.

"Kwa hiyo mimi nilimtania maiti safi."

"Ndiyo, mtani."

"Ulinibebesha taka zako kama punda, nami nikazicheza ngoma mlangoni kwa mjane." Akatema mate pembeni. "Ningekuwa kijana ningekutandika na hilo pondo. Haya. Nitakuja Idete. Usinishukuru, siendi kwa ajili yako."

Nilikusudia kuimalizia barua hii hapo, lakini mama yako amerudi kutoka jikoni. Nimemsomea. Hakuwa akijua, ndivyo nilivyoamini. Alisikiliza amesimama, mkono kwenye nguzo, na nilipofika pale pa usiku wa mtoni akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Usiku ule Kasiani alikuwa na homa. Nambule alikuja kulala hapa kunisaidia. Tulikesha naye wote wawili mpaka jogoo wa pili. Hakuja mtu yeyote."

Niliiweka kalamu chini. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu bila kupandisha sauti, "Wangekuua, baba Kasiani. Nilikuwa na mume na mtoto. Nambule alikuwa hana tena chochote cha kupoteza, ndivyo nilivyojiambia. Kumbe alikuwa na mtoto tumboni." Kisha akakaa chini sakafuni, jambo ambalo hujawahi kumwona akilifanya mbele yangu. Tumeishi nyumba moja kila mmoja akimficha mwenzake kitu kile kile.

Mwishowe akasema, "Nani atatutwangia mpunga tukienda wote wawili?"

Nikasema, "Mpunga utakuwepo tukirudi."

Basi kesho tutakusindikiza mpaka kivukoni. Ukishavuka usigeuke kutupungia sana, tutakuwa na mwendo. Hatutarudi nyumbani, tutashika njia ya Idete pamoja na Mzee Libaba, tukifika kesho kutwa, na tutawaomba wazee wa kwao wawaite watu. Nitasema mbele yao kwamba Matimba hakuvunja mwiko. Kwamba mchafu nilikuwa mimi. Mama yako atasema aliyoyaona. Libaba atafanya analojua. Yanaweza kutupata mengi. Wanaweza kunipiga; wanaweza kwenda bomani; mapadri wanaweza kuninyang'anya kazi, nao watakuwa na haki. Nambule anaweza kufunga mlango. Nikiwa mwalimu mbaya wa dini nilidhani kwamba kwa kuwa Mungu amenisamehe, yeye naye imempasa. Haimpasi. Kwa Mungu nilikwenda kwa kuwa aliniita. Kwa Nambule naenda bila kuitwa, mikono mitupu, na atakalosema ndilo litakalokuwa.

Nimechoka, mwanangu. Si kwa njia ya Idete, ambayo ni mwendo wa siku moja na kitu. Nimechoka kwa kutokuifuata.

Ulikuwa umeuliza kama ni kweli. Si kweli. Baba yako mdogo alikuwa safi, na alikupenda, na sikio lako la kulia lilivutwa na mtu mwema. Ukifika Mahenge, tafuta mahali chini ya boma ambapo nyasi zimeota vizuri kuliko pengine, upige goti, umwombee. Umwambie kaka yake amekwenda Idete.

Uamuzi uliobaki ni wa Nambule. Akishaamua nitakuandikia, na nitaandika kama atakavyosema yeye, bila kusahihisha hata neno moja.

Baba yako